Namna ya Kusoma Matokeo ya Kidato cha Sita na Kuhesabu Pointi za Kuingia Chuo Kikuu

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, maswali huwa ni yaleyale kuanzia Tunduma hadi Mafinga. "Nina divisheni tuu ya pointi 12, kwa nini nimekosa uhandisi?" "Mimi na mwenzangu wote tuna divisheni thrii, na yangu ndiyo yenye nafuu. Mbona kachaguliwa yeye?" Na lile linaloulizwa kuliko yote: "Chuo kinataka pointi 4, mimi ninazo 15, si zinatosha na kubaki?"

Maswali hayo matatu yana chanzo kimoja. Daraja lililoandikwa kwenye matokeo yako halikuingizi chuo kikuu wala halikunyimi nafasi. Kinachotazamwa ni gredi ulizopata katika masomo mahususi, na gredi hizo hupimwa upya kwa kipimo kingine, ambacho kinakwenda kinyume kabisa na kile cha NECTA. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvisoma vipimo vyote viwili, kwa utaratibu ambao unaweza kuufuata ukiwa na karatasi na kalamu tu.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa wanafunzi wengi siku hizi husoma habari za vyuo vya nje. Marekani kuna mtihani wa SAT, ambao alama zake huanzia 400 hadi 1600 na ambao mwombaji huufanya mbali na mitihani ya shule yake. Kwetu mwanafunzi wa kidato cha sita hafanyi mtihani wa namna hiyo. Mtihani uleule unaofunga masomo ya sekondari ndio unaotumika kumchuja mwombaji wa chuo, na ndiyo maana matokeo yale yale husomwa kwa namna mbili.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Andaa namba yako ya mtihani ya kidato cha sita na ile ya kidato cha nne, pamoja na mwaka wa kila mtihani. Andaa kitabu cha mwongozo wa udahili cha mwaka huu, ambacho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hukitoa bure kwenye tovuti yake. Viko vitabu viwili, kimoja cha wenye matokeo ya kidato cha sita na kingine cha wenye stashahada, na mara nyingi mtu hupakua kisichomhusu. Andaa pia namba ya simu na anwani ya barua pepe ambazo ni zako mwenyewe. Sababu ya sharti hili la mwisho itaonekana kwenye hatua ya saba.

Usitumie kitabu cha mwaka uliopita alichokuachia kaka au dada, hata kama programu unayoitaka imo ndani yake, kwa kuwa sifa za kujiunga hubadilishwa.

Hatua ya 1: Soma mstari wako wote

Matokeo ya NECTA hupangwa kwa kituo. Namba ya kituo cha shule huanza na herufi S na ya kituo cha watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Ukifungua ukurasa wa kituo chako utaona namba ya mtahiniwa, jinsi, safu ya AGGT, safu ya DIV, kisha orodha ya masomo na gredi zake. Tuchukue mtahiniwa wa mfano wa tahasusi (mkusanyiko wa masomo matatu makuu) ya HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ambaye mstari wake unaonyesha AGGT 11, DIV II, na mbele yake GS (General Studies, somo la maarifa ya jumla) gredi D, Historia D, Jiografia D na Kiswahili C. Safu ya AGGT ni jumla ya pointi za NECTA na DIV ni daraja.

Tahadhari: juu ya ukurasa au chini yake huwa kuna GPA ya kituo. Hiyo ni ya shule nzima na haina uhusiano wowote na maombi yako. Wapo wanaoijaza kwenye fomu wakidhani ni yao.

Hatua ya 2: Weka pembeni somo lisilo la tahasusi

Mtahiniwa wetu ana gredi nne, lakini ni tatu tu zilizotengeneza ile 11. GS haihesabiwi kwenye daraja, na wale wanaosoma BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati ya msingi kwa wasiochukua Hisabati ya juu) nao somo hilo halihesabiwi. Yaandike masomo yako matatu ya tahasusi peke yake kwenye karatasi. GS na BAM ziandike chini kabisa. Usizifute, kwa kuwa BAM tutairudia.

Hatua ya 3: Andika vipimo vyote viwili mbele ya kila gredi

Huu ndio mpangilio unaotumika kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016:

A, alama 80 hadi 100: NECTA pointi 1, TCU pointi 5
B, alama 70 hadi 79: NECTA pointi 2, TCU pointi 4
C, alama 60 hadi 69: NECTA pointi 3, TCU pointi 3
D, alama 50 hadi 59: NECTA pointi 4, TCU pointi 2
E, alama 40 hadi 49: NECTA pointi 5, TCU pointi 1
S, alama 35 hadi 39: NECTA pointi 6
F, alama 0 hadi 34: NECTA pointi 7

Gredi za A hadi E huitwa prinsipo. S ni subsidiari, yaani ufaulu mdogo, na haiwezi kuhesabiwa kama mojawapo ya prinsipo mbili ambazo chuo kikuu kinazidai. F ni kufeli.

Kwa upande wa NECTA, pointi za masomo matatu zikijumlishwa hutoa daraja: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 hadi 21 ni sifuri. Huku pointi chache ndiyo heri. Kwa upande wa TCU pointi nyingi ndiyo heri. Anayesema ana pointi 15 na chuo kinataka 4 anachanganya vipimo viwili visivyokutana, na kwa bahati mbaya gredi C ina thamani ya 3 kotekote, kwa hiyo mwenye C tatu hupata 9 kwa NECTA na 9 kwa TCU, akaondoka akiamini kwamba hesabu ni moja.

Ipo njia ya mkato ambayo haijaandikwa kitabuni lakini haikosei kwa gredi za prinsipo: toa pointi ya NECTA kutoka kwenye 6, na kinachobaki ni pointi ya TCU. D ni 4 kwa NECTA. 6 ukitoa 4 unabaki na 2. Usiitumie kwa S na F.

Kama ulimaliza mwaka 2014 au 2015, jedwali hili si lako. Miaka hiyo miwili matokeo yalitolewa kwa mfumo mwingine wenye gredi ya B+, na TCU huwahesabia watahiniwa hao A kuwa 5, B+ kuwa 4, B kuwa 3, C kuwa 2 na D kuwa 1. C ya mwaka 2015 kwa hiyo si sawa na C ya mwaka 2016, jambo ambalo walimu wanaoomba kujiendeleza baada ya miaka kadhaa kazini hulisahau.

Hatua ya 4: Pima sharti la chini

Sharti la jumla la TCU kwa mwenye kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, na prinsipo hizo ziwe za masomo mawili yanayohitajiwa na programu husika. Ukipenda kubaki kwenye kipimo cha NECTA, sharti hilo maana yake ni kwamba pointi za masomo hayo mawili zisizidi 8. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. B na E zinatosha na kuzidi. D na E hazitoshi.

Hapa ndipo daraja linapowapoteza watu, kwa hiyo tukae kidogo. Watazame watahiniwa wanne, wote wa daraja la tatu:

Wa kwanza ana D, D na F. NECTA ni 15. TCU ni 2 na 2, jumla 4. Sharti la chini amelifikia.
Wa pili ana D, E na E. NECTA ni 14. Prinsipo zake mbili bora ni 2 na 1, jumla 3. Hajalifikia.
Wa tatu ana A, S na S. NECTA ni 13, bora kuliko wote wanne. Ana prinsipo moja tu. Hajalifikia.
Wa nne ana E tatu. NECTA ni 15 kama wa kwanza. Prinsipo zake mbili zozote ni pointi 2. Hajalifikia.

Nyumbani, wa tatu ndiye atakayepongezwa zaidi na yule mwenye F ndiye atakayesemwa. Kwenye mfumo wa udahili, mwenye F ndiye pekee anayepita. Mzazi anayesoma daraja peke yake akaamua mtoto wa kumuombea chuo na wa kumrudisha shambani anaamua kwa kipimo kisichohusika.

Hatua ya 5: Tafuta masomo yanayobeba programu unayoitaka

Fungua kitabu cha mwongozo kwenye chuo unachokikusudia. Kwa kila programu utakuta jina, msimbo, sifa za kujiunga, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Safu ya sifa ndiyo ya kusomwa polepole. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na sentensi moja inaweza kutaja masomo manane ikitaka mawili yoyote kati yake, wakati sentensi inayofuata inataja mawili tu na kuyataka yote. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, msomee mwalimu sentensi nzima kwa sauti badala ya kumuuliza kwa kifupi kama unafaa.

Mfano wa yule wa uhandisi ni huu. Mtahiniwa wa PCM ana Fizikia E, Kemia B na Hisabati ya juu E. NECTA ni 5, 2 na 5, jumla 12, daraja la pili. Prinsipo zake mbili bora, B na E, zinampa pointi 5 za TCU, na kwa mtazamo wa haraka amevuka. Lakini programu nyingi za uhandisi, ziwe za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya pale Iyunga au za kwingineko, hubebwa na Fizikia na Hisabati. Kwake masomo hayo ni 1 na 1, jumla 2. B ya Kemia haiwezi kumsaidia hapo hata ingekuwa A. Mtahiniwa huyohuyo akiomba programu inayobebwa na Kemia na Hisabati, au Kemia na Fizikia, anakuwa na pointi 5 na anaingia kwenye ushindani kama wengine.

Sasa mrudie yule wa HGK wa hatua ya kwanza. Akitaka ualimu wa sanaa, kwa mfano Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, atahesabiwa masomo mawili atakayofundisha. Historia na Jiografia zinampa 4, yaani yuko ukingoni. Kiswahili na mojawapo ya hayo zinampa 5. Pointi moja ni kidogo kwa kuitazama, lakini mahali ambapo mamia ya waombaji wana 4 ileile, ni vizuri kujua kwamba unayo ya tano.

Programu za udaktari na baadhi ya programu za afya huhesabu masomo matatu badala ya mawili, na huweka gredi ya chini kwa kila somo mbali na jumla ya pointi. Waombaji wa huko wasome sharti la kila somo, maana jumla inaweza kutosha na somo moja likamtoa mtu.

Hatua ya 6: Kagua masharti ya kando

Vyuo hutazama pia matokeo ya kidato cha nne. Programu kadhaa, hasa za uchumi, biashara na kompyuta, zikimpokea mtu asiye na Hisabati ya kidato cha sita humtaka awe na ufaulu wa BAM au gredi fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Hapa ndipo ile BAM uliyoiandika chini ya karatasi inapofanya kazi. Kumbuka kwamba gredi za kidato cha nne zina mipaka yake: C huanzia alama 45 na D huanzia 30, na ufaulu huishia D.

Hatua ya 7: Omba mwenyewe, kisha thibitisha

Ulipofika hapa una orodha ya programu unazostahili. Kufikia pointi za chini ni ruhusa ya kushindana tu. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, wenye pointi nyingi kwenye masomo husika hutangulia, kwa hiyo changanya kwenye orodha yako programu ambazo unavuka sharti kwa mbali na ambazo unalivuka kwa shida. Nyanda za Juu Kusini hazina uhaba wa mahali pa kuomba: Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Teofilo Kisanji, Chuo Kikuu Katoliki na Ndaki ya Mzumbe, Iringa kuna Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha.

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 maombi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, wala si TCU. Lipa ada ya maombi kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa chuo chenyewe, si kwa simu ya mtu aliyejitolea kukusaidia.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu steshenari. Pale Mwanjelwa, Kabwe au Kihesa hutakosa kijana atakayekujazia maombi kwa haraka na kwa bei nafuu, na wengi wao hufanya kazi nzuri. Tatizo ni kwamba foleni ikiwa ndefu, baadhi yao huweka barua pepe yao na wakati mwingine namba yao ya simu ili mambo yaende. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe iliyosajiliwa, na namba hiyo itakwenda kwa kijana wa steshenari ambaye wakati huo ana maombi ya watu wengine mia mezani. Asiyethibitisha ndani ya muda huachwa. Kaa pembeni yake, taja namba yako tarakimu moja moja, na usiondoke kabla hujaandika nywila kwenye daftari lako.

Mambo yakikwama

Mfumo unasema huna sifa, na kwa hesabu yako unazo. Anza na namba za mtihani. Mwaka uliokosewa au namba ya kidato cha nne iliyowekwa mahali pa kidato cha sita huvuta matokeo ya mtu mwingine au hakuna kabisa. Kama namba ni sahihi, rudi hatua ya sita. Mara nyingi kilichokosekana ni Hisabati ya kidato cha nne.

Majina hayafanani. Herufi moja ya jina la ukoo iliyokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa au cha kidato cha nne inatosha kusumbua udahili na baadaye mkopo. Lishughulikie kabla ya dirisha kufunguliwa, kwa kiapo cha mahakamani au kwa kurekebisha cheti pale kilipotolewa.

Safu ya DIV imeandikwa ABS au INC. Ya kwanza ina maana kwamba umehesabiwa hukufanya mtihani, ya pili kwamba matokeo yako hayajakamilika. Nenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Usisubiri ukurasa ubadilike wenyewe.

Unaamini gredi moja si yako. NECTA hupokea rufaa kwa ada na kwa muda maalumu baada ya matokeo. Kwa maoni yangu, rufaa ina maana pale ambapo gredi moja ingebadilisha hesabu ya hatua ya tano. Kukata rufaa ya GS ni kutupa hela.

Uko kambini JKT, Mafinga, Itende au kwingineko, na simu huna. Kabla hujaondoka nyumbani, mwachie mtu mmoja unayemwamini namba zako zote mbili za mtihani, laini yako ya simu na nywila ya barua pepe, pamoja na orodha ya programu kwa mpangilio unaoutaka. Mtu mmoja, si watatu. Maombi mawili ya mtu mmoja kwenye chuo kimoja huzaa usumbufu.

Ulisoma Zambia au Malawi, kama ilivyo kwa baadhi ya vijana wa Tunduma na Kyela. Hakuna jedwali humu litakalokuhesabia. Peleka vyeti NECTA upate ulinganifu kwanza, na uanze mapema, kwa kuwa dirisha la maombi halitakusubiri.

Hukufikia pointi 4. Vyuo vingi vya stashahada hupokea mwenye prinsipo moja na subsidiari moja, na stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, ikiambatana na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, hukurudisha kwenye mlango wa chuo kikuu kupitia kile kitabu cha pili cha TCU. Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo mikoani, kina programu ya msingi ambayo nayo ikimalizwa kwa GPA isiyopungua 3.0 hukubalika. Njia ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukiichagua, weka nguvu kwenye masomo mawili yanayobeba programu unayoitaka: yule wa PCM mwenye E mbili anahitaji kuzifanya D mbili, na Kemia yake tayari inatosha.